Kutoka Kasumbalesa hadi Fumba: siku kumi na tatu nikifuata karatasi za jodari

Nimerudi Lubumbashi wiki tatu sasa, na haya nimeyajenga upya kutokana na daftari dogo lililolowa mvua karibu na Mpika, pamoja na picha zilizobaki katika simu. Kazi yangu ni uwakala wa forodha, yaani deklarani kama tunavyosema kwetu, na kwa miaka kumi na sita nimepitisha Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, saruji, mahindi, vipuri na, zaidi ya vyote, samaki waliogandishwa. Mwaka jana mteja wangu mmoja, mama anayeuza samaki katika soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, alipokea katoni chache za jodari zilizochanganywa na tomson wake wa kawaida, samaki wa baharini kama vibua. Aliponiona nikikagua lakiri, ile tunayoiita plombi, aliniuliza, akiniita kaka kwa neno la kwetu: “Yaya, karatasi hizi zinaonyesha samaki alikopita barabarani. Huko majini nani alimkagua?” Sikuwa na jibu, na swali lile halikunitoka kichwani.

Dada yangu aliolewa Zanzibar, na mume wake ni mkaguzi mstaafu wa meli za uvuvi. Nikaona kwamba likizo yangu ya Januari itakuwa na kazi.

Siku ya 1: Lubumbashi hadi Kapiri Mposhi

Niliondoka alfajiri kwa teksi ya watu wanne hadi Kasumbalesa, mwendo wa kilomita zinazokaribia 95, barabara nzuri lakini imejaa malori ya shaba yaliyopanga foleni pembezoni. Mpakani najulikana, kwa hiyo mihuri ilichukua nusu saa tu, jambo ambalo msafiri mwingine asilitegemee. Upande wa Zambia nilipanda basi la Kitwe, na Kitwe nikapata jingine la Kapiri Mposhi, nikafika usiku wa saa tatu nikiwa nimekula mahindi ya kuchoma tu tangu asubuhi.

Kwa atakayefuata njia hii: chukua kadi ya homa ya manjano mfukoni, usiifungie ndani ya sanduku, kwa sababu huulizwa zaidi ya mara moja. Masharti ya viza yaulizie kabla ya kuondoka, kwani hubadilika. Fedha zibadilishe kidogo kidogo, na uhesabu noti moja moja mbele ya anayekubadilishia, maana wengine hukunja noti katikati ili moja ihesabiwe kuwa mbili.

Siku ya 2 na ya 3: Kapiri hadi Mbeya

Kutoka Kapiri hadi Nakonde ni takriban kilomita 800 za miti, vilima na mvua. Baada ya Mpika mkanda wa injini ulikatika, tukakaa kando ya barabara saa tano. Mwenye basi hakuleta gari jingine wala neno la pole. Aliyetuokoa ni mwanamke mmoja wa kijiji cha jirani aliyekuja na sufuria ya nshima, yaani ugali, na dagaa waitwao kapenta, akatugawia watu kumi na wawili bila kutaja bei. Tulipomchangia kwacha alizipokea kwa mikono miwili, kisha akawapa watoto waliokuwa safarini nasi embe. Daftari langu lililowa hapo.

Niliongea naye kwa Kibemba changu cha kuokoteza, nikamsikia akilalamikia jambo nililolijua vizuri: mto Luapula na ziwa Mweru vilikuwa vimefungwa. Kila mwaka kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi husimamishwa ili samaki wazaliane, na ziwa hilo ni letu sote, wao upande wao na sisi upande wa Kasenga na Pweto. Kila mara tatizo huwa lile lile: ukifunga upande mmoja na jirani asifunge, umewatunzia wengine samaki. Nililiandika jambo hilo bila kujua kwamba Zanzibar ningelikuta tena, safari hii kuhusu bahari nzima.

Nakonde na Tunduma ni mji mmoja uliokatwa na mstari, na ukaguzi wa nchi zote mbili hufanyika mahali pamoja, kwa hiyo tulivuka upesi. Sogeza saa yako mbele kwa saa moja. Mbeya nililala katika nyumba ya wageni karibu na stendi kwa shilingi 25,000, na chakula cha usiku kilikuwa wali, maharage na parachichi kubwa kama kichwa cha mtoto.

Siku ya 4: Mbeya hadi Dar es Salaam

Basi la saa kumi na mbili asubuhi liliingia Dar usiku. Mlima Kitonga uko kama wanavyousimulia, na hifadhi ya Mikumi ina mabango ya faini kwa dereva atakayegonga mnyama, kila mnyama na bei yake. Nililipenda bango hilo, kwa kuwa linamwambia mtu gharama ya kosa kabla hajalitenda. Mengine ya siku hiyo ni usingizi.

Siku ya 5: Feri, Dar es Salaam

Soko la samaki la Feri lipo mdomoni mwa bandari, na mnada huanza mapema. Nilifika nikakuta jodari wawili wamelazwa sakafuni, mmoja mrefu karibu kunifikia kifuani, mapezi yake ya nyuma yakiwa ya manjano na marefu kama mundu. Dalali alikuwa akipandisha bei kwa kasi ambayo sikio langu la Lubumbashi halikuifuata. Nilinunua kipande, nikampa mama mmoja jikoni anikaangie, nikala pamoja na ugali na kachumbari, vyote kwa shilingi 9,000. Mvuvi aliyekaa nami mezani aliniambia kwamba wakati huu wa kaskazi bahari hutulia, na boti zao ndogo huweza kwenda mbali kidogo kuwafuata, lakini meli kubwa huwa mbali zaidi, mahali ambapo yeye haoni hata taa zake.

Ni hapo Dar ambapo watu wa umri wangu bado wanazungumzia “samaki wa Magufuli.” Machi 2009 meli iliyoandikwa Tawariq 1 ilikamatwa ndani ya ukanda wa uchumi wa bahari wa Tanzania, yaani maji ya hadi maili 200 kutoka pwani, ikiwa na karibu tani 300 za samaki, wengi wao jodari, katika doria iliyofanywa na meli ya Afrika Kusini ikiwa na wakaguzi wa nchi kadhaa za ukanda huu. Waziri wa uvuvi wakati huo alikuwa John Magufuli, na samaki wale waligawiwa taasisi mbalimbali, ndipo jina likazaliwa. Mvuvi alinisimulia habari hiyo kama ushindi. Nilihifadhi maneno yake ili nimuulize shemeji.

Siku ya 6: Kivuko, na kosa la saa

Shemeji alikuwa ameniandikia kwamba atanipokea bandarini Zanzibar “saa tatu.” Nyumbani kwangu sisi huhesabu saa kwa Kifaransa, na mimi, mtu mzima anayejivunia Kiswahili chake, nilielewa saa tisa ya alasiri. Nikapanda kivuko cha mchana kwa utulivu, nikala karanga, nikapiga picha za majahazi. Yeye alikuwa amesimama pale tangu saa tatu asubuhi. Hakuniambia neno kali hata moja. Alichukua begi langu na kusema tu, “Karibu, shemeji. Leo umekuja na saa za Brussels.” Dada yangu alicheka hadi akaketi chini.

Kwa msafiri: tiketi ya daraja la kawaida kwa mgeni ilikuwa dola 35, na safari ni kama saa mbili. Inunue katika ofisi yenyewe, si kwa vijana wa barabarani. Tangu Oktoba 2024 Zanzibar huwataka wageni wawe na bima ya safari, basi ulizia mapema utaratibu wake. Na muulize kila mtu: saa tatu asubuhi au usiku?

Siku ya 7: Choroko juu ya meza

Nilikuwa nimetarajia hadithi za mbio za baharini, askari wakiruka kutoka boti hadi boti. Shemeji alinipa kikombe cha chai ya tangawizi, akamwomba dada yangu kopo la choroko, akatandika kitambaa cheupe mezani.

Alianza na samaki mwenyewe. Jodari hana nyumba. Katika sehemu hii ya Bahari ya Hindi, meli kubwa za nyavu za kuzungusha humfuata kwa majira: karibu na pwani ya Somalia kuanzia Agosti hadi Novemba, upande wa Ushelisheli mwisho wa mwaka na mwanzo wake, na mlango wa Msumbiji kuanzia Machi hadi Mei. Samaki mmoja aweza kupita maji ya nchi nne katika mwaka mmoja. Ndiyo maana Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 uliwataja jodari, nduaro, papa wa bahari kuu na wenzao katika orodha yake ya kwanza kama samaki wanaohama mbali, na kuzitaka nchi zishirikiane juu yao, hata kila moja ikiwa na ukanda wake wa maili 200. Kwa bahari hii chombo cha ushirikiano ni Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo makao yake yako Victoria, Ushelisheli, na ambayo Tanzania ilijiunga nayo mwaka 2007.

Kisha akaanza kupanga choroko. Kila punje ilikuwa mahali meli ilipoonekana na mtambo wa satelaiti uliofungwa ndani yake, mtambo unaotuma mahali ilipo kila baada ya saa chache. Punje zilizoachana sana ni meli inayosafiri. Punje zilizosongamana, zinazokwenda mbele na kurudi nyuma, ni meli ya mshipi mrefu inayofanya kazi, kwa sababu mshipi wenyewe waweza kufika kilomita 100 na kuwa na ndoana 3,000, na kuuvuta ndani huchukua saa nyingi kwa mwendo wa polepole. “Sasa,” akasema, “nahodha ameandika katika kitabu chake cha uvuvi kwamba siku hiyo alikuwa anapita tu akielekea nje. Choroko zinasema nini?” Nilizitazama. Zilikuwa zimesongamana ndani ya mstari aliouchora kwa kalamu, yaani ndani ya maili 200. Nilijibu kama deklarani: tamko halilingani na mzigo. Alipiga meza kwa furaha hata punje zikamwagika, tukaziokota pamoja na watoto.

Kuanzia hapo tulielewana. Nilimwambia kwamba kwetu lori hubadilishwa rangi na namba za usajili, lakini namba ya chesi haibadiliki. Akasema meli nayo ina namba yake ya kimataifa yenye tarakimu saba, inayobaki na chombo hata kikibadilishiwa jina, mmiliki na bendera mara tano. Mkaguzi anapopanda, kabla hajagusa samaki, hutazama ubavuni kama chini ya rangi mpya kuna herufi za zamani zilizochomelewa, kisha hulinganisha jina, namba na ishara ya redio na orodha ya meli zilizoruhusiwa ya kamisheni. “Samaki hufuata baadaye,” alisema. “Samaki hadanganyi, ila pia hajui kusoma.”

Siku ya 8: Malindi, na kesi iliyopotea

Asubuhi tulikwenda soko la samaki la Malindi, hapo hapo mjini Zanzibar. Shemeji alinionyesha kwa nini ukaguzi wa aina za samaki ni mgumu kuliko unavyodhaniwa: jodari wa mapezi ya manjano na jodari wa macho makubwa, wakiwa wadogo na wamegandishwa, hufanana kama mapacha. Alichukua mmoja mbichi, akamwomba muuzaji ampasue, akanionyesha ini: la mapezi ya manjano ni laini, la macho makubwa lina mistari. Lakini meli ya mshipi mrefu huwatoa matumbo baharini, kwa hiyo ini halifiki bandarini. Muuzaji, aliyekuwa amepoteza dakika kumi kwa ajili yetu, alikataa fedha, akasema tumemfundisha na yeye. Papa nao wana kanuni zao. Wanaoteremshwa wabichi wanatakiwa wawe na mapezi yaliyoshikamana na mwili, na wa aina fulani, kama wale wenye mkia mrefu karibu sawa na kiwiliwili, hawaruhusiwi kubaki melini kabisa.

Tukala urojo kando ya barabara, shilingi 3,000 kila bakuli, nami nikaleta swali la Tawariq. Shemeji alinyamaza kidogo. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliwatia hatiani nahodha na wakala, alisema, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaubatilisha mwenendo wote kwa kasoro za utaratibu. Meli yenyewe ilikuwa imekwisha kuzama bandarini Dar, na samaki walikuwa wamekwisha kuliwa. Mvuvi wa Feri hakuijua sehemu hiyo, au hakutaka kuijua. Mimi niliijua mara moja, kwa sababu nimewahi kumwona mtu akirudishiwa lori lenye magendo dhahiri kwa kuwa taarifa ya ukaguzi haikufuata taratibu za sheria. Kumkamata mtu na mzigo wake mkononi hakutoshi.

Alinieleza pia kwamba baada ya mwaka ule wa Tawariq mambo yamehamia bandarini zaidi ya baharini. Mkataba wa hatua za nchi zenye bandari ulipitishwa mwaka 2009 na kuanza kutumika Juni 2016, na msingi wake ni rahisi: meli ya kigeni inayotaka kuingia inaomba kwanza, ikieleza ni nani, imevua nini na wapi, kwa kibali cha nani. Chini ya kamisheni ombi hilo hutakiwa saa 24 kabla ya kufika. Bandari yaweza kukataa, na meli isiyo na mahali pa kushusha haina biashara. Doria ya bahari kuu hula mafuta ya kutisha, lakini mlango wa bandari hauhitaji mafuta.

Nilimuuliza ni meli ngapi hufunguliwa kweli. Kiwango cha chini cha kamisheni ni asilimia 5 ya ushushaji na uhamishaji wa samaki katika bandari za kila nchi kwa mwaka. Nilisema ni kidogo. Alinigeuzia swali: Kasumbalesa mnafungua malori mangapi? Nikakaa kimya, kwa kuwa kwetu mfumo wa kompyuta huyagawa katika njia za rangi, na ya kijani hupita bila hata turubai kuinuliwa. Hata hivyo bado naona kwamba asilimia 5 ni kidogo, na nilimwambia hivyo.

Siku ya 9: Fumba

Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, inayotoa leseni za meli hizi kwa pande zote mbili za Muungano, ina makao yake Fumba, kusini mwa mji. Tulikwenda kwa daladala, tukafika nje tu, kwani sikuwa na miadi wala sikuiomba. Kijana wa mlangoni alimtambua shemeji, akatuletea viti kivulini na maji ya kunywa, tukakaa tukitazama maji.

Ni hapo nilipouliza kuhusu kule nje ya maili 200, kusiko na mwenyewe. Shemeji alijibu kwamba mkataba wa 1995 juu ya samaki wanaohama unamruhusu mkaguzi wa nchi mwanachama kupanda meli ya nchi nyingine mwanachama kwenye bahari kuu, akionyesha kitambulisho chake, bila kutumia nguvu isipokuwa kwa usalama wake au akizuiwa kufanya kazi yake. Akikuta kosa, huiarifu nchi ya bendera, yaani ile iliyoisajili meli, nayo ina siku tatu za kazi za kujibu. Yote hutegemea kama nchi hiyo itaiamini karatasi yako. Mahali palipomsumbua zaidi katika kazi yake palikuwa pale samaki wanapohamishwa kutoka meli moja hadi nyingine katikati ya bahari. Meli za nyavu za kuzungusha zimekatazwa kufanya hivyo, na za mshipi mrefu huruhusiwa tu kwa meli za mizigo zilizosajiliwa na zenye mwangalizi ndani. “Hapo,” alisema, “samaki wa meli kumi huwa samaki wa meli moja, na ukishindwa kuwatenganisha katika karatasi, huwatenganishi tena.”

Nilijua anachosema. Kwetu hicho ndicho kinachotokea katika ghala la kwanza baada ya mpaka.

Siku ya 10 hadi ya 13: kurudi

Kurudi kulikuwa kule kule, bila kukatika mkanda. Gharama yangu yote, nauli, vivuko, malazi na chakula, ilikuwa dola 410, na ningeweza kuokoa 40 kama nisingenunua viungo vya dada kwa ajili ya nusu ya mtaa.

Kasumbalesa nilikuta lori la samaki waliogandishwa la mteja wangu likisubiri. Nilipanda kutazama katoni, jambo ambalo zamani nililifanya kwa ajili ya uzito tu. Tomson walikuwa na namba 47 katika mstari wa eneo la uvuvi, ndiyo Atlantiki ya kusini-mashariki, upande wa Namibia. Nyuma kabisa kulikuwa na katoni sita za jodari zenye namba 51, Bahari ya Hindi ya magharibi, maji yale niliyoyatazama Fumba. Jina la meli halikuwepo, wala namba yake ya tarakimu saba. Afisa mmoja kijana aliniuliza kutoka chini, akiniita baba kwa heshima ya kwetu, “Papa, unatafuta nini? Lakiri ni nzima.”

Nilimwambia anipe kalamu, nikaandika katika fomu, mahali pa maoni, kwamba chombo kilichovua hakikutajwa. Kwa miaka kumi na sita nafasi hiyo nimekuwa nikiiacha wazi. Lori lilipita saa kumi jioni, saa za Kiswahili, na mama wa soko la Kenya nilimpelekea nakala.